"Thibitisha" au "Pima"? Swali la Mwalimu na Ushahidi wa Matini katika Madarasa ya Ngara na Biharamulo

UTANGULIZI

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini wameandika mengi kuhusu mwandishi na jamii yake, na mengi zaidi kuhusu fani na maudhui. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitupa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, F.E.M.K. Senkoro akatupa Ushairi: Nadharia na Tahakiki mwaka 1988, na sisi wanafunzi wa leo bado tunakula humo humo. Lakini liko jambo moja ambalo kwa maoni yangu hatulipi uzito unaostahili, nalo ni swali. Sizungumzii swali kubwa la kinadharia kama "Fasihi ni nini?" ambalo kila mmoja wetu amelijibu tangu mwaka wa kwanza. Nazungumzia swali dogo ambalo mwalimu wa Kidato cha Tatu analiandika ubaoni saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa wamebanana kwenye madawati na kitabu kimoja kikizunguka darasa zima.

Makala haya yanadai mambo matatu. Kwanza, aina ya swali ndiyo inayoamua kama mwanafunzi atasoma kitabu au atameza madesa. Pili, swali zuri la uhakiki ni lile linalomrudisha mwanafunzi kwenye maneno yenyewe ya kitabu na kumtaka aonyeshe alikoliona analolisema. Tatu, kudai ushahidi si adabu ya kitaaluma tu ya kujipatia alama. Ni jambo ambalo jamii ikilikosa watu wanaumia.

Mifano yangu naichukua kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Sababu moja ni kwamba huko ndiko nilikofanyia mazoezi ya kufundisha, hivyo naweza kusema kile nilichokiona. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na yale yaliyopita kwenye daraja la Rusumo yanatufundisha kuhusu maneno na ushahidi kuliko kitabu chochote cha nadharia.

SWALI LINALOKUJA NA JIBU LAKE

Hebu tuanze na swali la kawaida, la aina ambayo kila aliyepita sekondari zetu anaifahamu. Linaletwa na kauli: mwandishi wa tamthiliya ni mwalimu wa jamii. Halafu linakuja agizo: thibitisha kauli hiyo kwa kutumia tamthiliya mbili ulizosoma, ukitoa hoja tatu kwa kila kitabu.

Tulitazame neno "thibitisha". Neno hilo linamwambia mwanafunzi kwamba hukumu imeshatolewa. Kazi iliyobaki ni kuokota kuni za kuuchochea moto ambao mwingine ameshauwasha. Mwanafunzi hana haja ya kujiuliza kama kauli ni ya kweli, ni ya kweli kiasi gani, au ni ya kweli kwa kitabu kimoja na si ya kweli kwa kingine. Akifungua kitabu, anakifungua kutafuta yale tu yanayokubaliana na kauli. Yanayoipinga anayaruka, maana hayana alama.

Kuna matokeo mengine. Kwa kuwa jibu linajulikana kabla ya kusoma, jibu hilo linaweza kuandaliwa na mtu mwingine, likachapwa, likauzwa. Ndiyo maana vitabu vya maswali na majibu vinasomwa kuliko riwaya na tamthiliya zenyewe. Katika shule niliyokuwa, nilikusanya madaftari ya insha na kukuta sentensi moja katika madaftari mengi, kwa mpangilio ule ule: mwandishi ametuonyesha umuhimu wa kuwa na msimamo. Nilipouliza darasani ni mhusika gani aliye na msimamo, jina likatajwa. Nilipouliza aliuonyesha wapi, kimya. Mmoja akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, ndivyo ilivyo kwenye noti."

Sisemi kwamba mwalimu wa somo alikuwa mvivu. La hasha! Ana vipindi vingi, ana mtihani wa taifa mbele yake, na mtihani huo ndio utakaompima yeye pamoja na wanafunzi wake. Hata sisi huku chuoni, tuseme ukweli, tunadesa. Tofauti ni kwamba sisi madesa yetu yana majina ya wanadharia wa Ulaya.

Wapo watakaosema kwamba mbona wanafunzi wanatoa nukuu? Ni kweli wanatoa. Lakini nukuu haiwi ushahidi kwa sababu tu imefungwa na alama za mtajo na kuwekewa namba ya ukurasa. Nukuu inakuwa ushahidi pale mwanafunzi anapoeleza ni neno gani ndani yake linalobeba hoja, na linaibebaje. Bila maelezo hayo, nukuu ni pambo, sawasawa na kitambaa juu ya redio.

KARATASI ZA SENSA ZILICHOMWA NA NANI?

Nichukue mfano wa tamthiliya ya Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya marehemu Edwin Semzaba, ambayo imesomwa katika shule za sekondari kwa miaka mingi. Habari yake inafahamika. Ngoswe, kijana msomi, anatumwa kijijini kuhesabu watu. Huko anampenda Mazoea, na penzi hilo linamfanya aiache kazi aliyotumwa. Mwishoni karatasi za sensa zinachomwa moto.

Sasa mwulize mwanafunzi kwa mtindo wa "thibitisha": thibitisha kwamba penzi ni kitovu cha uzembe. Atakuambia ndiyo, Ngoswe alipenda, akazembea, karatasi zikaungua. Amekwisha. Hakuhitaji hata kufungua jalada, kwani jibu limeandikwa juu ya jalada.

Badili swali. Uliza: karatasi zilichomwa na nani, na kwa nini? Hapo lazima kitabu kifunguliwe, na hapo mambo yanabadilika. Karatasi hazichomwi na Ngoswe wala na Mazoea. Anayezichoma ni mzee Mitomingi, baba yake Mazoea, kwa hasira za binti yake. Basi kilichoteketeza kazi ya serikali ni penzi, au ni hasira ya mzazi? Au ni kule kuziacha karatasi mahali ambapo mtu mwenye hasira angeweza kuzifikia? Na pombe je, nayo imo. Na kusitasita kwa wanakijiji wenyewe kuhesabiwa, je, kulianza Ngoswe alipopenda, au kulikuwapo kabla?

Sidai kwamba jina la kitabu ni la uongo. Ninachodai ni kwamba jina la kitabu ni kauli, na kauli ya mwandishi nayo inastahili kupimwa kwa yale yanayotendeka jukwaani. Mwanafunzi anayepima anaweza kumaliza kwa kukubaliana na Semzaba. Lakini atakuwa amekubaliana naye kama msomaji, si kama mtu aliyeagizwa akubali.

Darasani Ngara swali hilo lilizaa jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo noti zisingelizaa kamwe. Tulipofika kwenye suala la watu kusita kuhesabiwa, mwanafunzi mmoja alisema kwamba kwao mtu akija na karatasi anauliza mko wangapi na mmetoka wapi, wazee hawafurahi. Wenzake wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Wote walijua anasema nini. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Kihangaza, lugha ya wenyeji wengi wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi. Katika mazingira hayo swali la "wewe ni wa wapi?" si swali jepesi, na mtoto aliyekulia humo anamsoma mwanakijiji wa Semzaba kwa jicho ambalo mwenzake wa Kariakoo hana.

Nilimwambia, sawa, tuonyeshe sasa katika kitabu. Je, wanakijiji wa Semzaba wanaogopa hicho hicho, au wanaogopa kitu kingine? Akatafuta. Akaona kwamba sababu za kitabuni hazifanani na za kwao. Hapo ndipo uhakiki ulipoanza. Aliyoyaishi yalimfungulia mlango, na maneno ya kitabu yakamzuia asimsingizie mwandishi jambo ambalo hakulisema.

MASWALI MANNE NA KITENDAWILI KIMOJA

Kutokana na mazoezi yale nilijikuta narudia maswali manne, na nayaweka hapa ili wenzangu wayapime.

La kwanza: Unaona nini hasa, na wapi? Swali hili halitaki dhamira wala falsafa. Linataka tukio, neno, au kimya cha mhusika, na mahali pake.

La pili: Nani anasema, anamwambia nani, na wakati gani? Wanafunzi wengi huchukua maneno ya mhusika mwovu wakayafanya kuwa mawazo ya mwandishi. Swali hili linazuia kosa hilo.

La tatu: Neno gani tukiliondoa, maana yote itabadilika? Hapa fani na maudhui zinakutana zenyewe, bila mwalimu kuchora jedwali la safu mbili ubaoni.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: Ni kitu gani ndani ya kitabu hiki hiki kinakupinga? Mwanafunzi aliyezoea "thibitisha" analiogopa, maana anadhani akikiri kipingamizi atapoteza alama. Inabidi kumwonyesha kwamba hoja iliyopambana na kipingamizi ikabaki imesimama ina nguvu kuliko hoja ambayo haikuguswa.

Mwanzoni nilikuwa nauliza "Umejuaje?" Niliona darasa linajikunja. Baadaye nikaelewa kwamba katika masikio ya wanafunzi wale "Umejuaje?" ni swali la polisi, au la mzazi anayeuliza nani kala nyama. Nikabadili, nikawa nasema, "Tuonyeshe mahali ulipoliona." Maana ni ile ile, lakini la pili linamfanya mwanafunzi kuwa kiongozi wa njia na sisi kuwa wafuasi wake. Mwalimu mwanafunzi atakayesoma makala haya asilidharau jambo hilo. Swali lina fani yake pia.

Kuna wanaodai kwamba uchambuzi wa aina hii ni mgeni, kwamba umetoka kwa Wazungu, na kwamba watoto wa vijijini ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili hawauwezi. Hoja hiyo haina mashiko. Kwanza, hata hao Wazungu hawakuzaliwa nao. Mwaka 1929 I.A. Richards alichapisha Practical Criticism, kitabu kilichotokana na zoezi alilowapa wanafunzi wa Cambridge: aliwapa mashairi bila majina ya watunzi, wakaandika maoni yao. Vijana wale wa chuo kikubwa, wakisoma lugha yao wenyewe, walipotea vibaya. Basi tusiseme tatizo ni Ngara.

Pili, kuna kitendawili. Tega. Nyumba yangu haina mlango. Darasa lote litajibu yai. Lakini mimi niliwauliza: kwa nini lisiwe kaburi? Kaburi nalo halina mlango, na watu huliita nyumba. Ukawaka moto! Mmoja akasema mtegaji kasema "yangu", na mtu aliye hai hana kaburi lake. Mwingine akampinga, akasema hata yai si lake, ni la kuku. Wa tatu akasema nyumba ni mahali pa kukaa aliye hai, na kifaranga anaishi ndani ya yai. Wa nne akasema mlango ni kitu cha kuingilia na kutokea, sasa kaburini watu huingizwa lakini ndani ya yai hakuna aliyeingizwa. Angalia, msomaji mpendwa, wanavyofanya. Wanachukua neno moja moja, "nyumba", "yangu", "mlango", na kupima kila jibu kwa neno hilo. Hakuna aliyewafundisha. Wamelelewa nao jioni nyumbani, iwe kwa Kihangaza na Kishubi, iwe kwa Kisukuma cha majirani zao wa Biharamulo, iwe kwa Kiswahili. Anayeshindwa kutegua anatoa mji, na anayetaka kuupata mji sharti jibu lake litoshe kwenye maneno yote. Huo ni uhakiki wenye ushahidi, na umekuwapo kabla ya Cambridge.

Tunachofanya shuleni ni kumpokonya mtoto ustadi huo mlangoni, tukampa noti.

TAKADINI: JINA AMBALO NI SWALI

Riwaya ya Takadini ya Ben J. Hanson inatuingiza kwenye sehemu ya hatari ya mada hii. Sekai, mke wa Makwati, amekaa muda mrefu bila mtoto. Hatimaye anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila za kijiji zinataka mtoto huyo asiishi. Sekai anatoroka naye, anapokelewa katika kijiji kingine, na mtoto anakua mpaka anaoa.

Madesa yanasema: dhamira ni mapenzi ya mama na mtoto, mila potofu, nafasi ya mwanamke, uvumilivu. Yote ni sawa. Lakini mwanafunzi anaweza kuandika "mila potofu" mara kumi na asijiulize mila hizo ni potofu kwa kipimo gani. Ameambiwa ni potofu. Kesho akiambiwa si potofu, atafanya nini?

Ndiyo maana nilitaka wasome jina. Takadini, kwa Kishona, ni swali: tumefanya nini? Mama anampa mtoto jina ambalo ni swali linaloelekezwa kwa waliomhukumu. Tumefanya nini hata tustahili haya? Nikawaambia wanafunzi wamsaidie Sekai. Tafuteni kitabuni mashtaka dhidi ya mtoto huyu. Nani anayasema? Anatoa ushahidi gani? Mtoto ametenda nini? Walitafuta kwa zamu, kitabu kikipita mkono kwa mkono. Walipata hofu, walipata kauli za "tangu zamani ndivyo ilivyo", walipata vitisho vya mikosi. Tendo la mtoto hawakulipata. Mwanafunzi mmoja wa kike alisema, taratibu, "Mwalimu, hakuna kesi."

Hakuna kesi. Naona maneno hayo mawili ni uhakiki bora kuliko kurasa tatu za mila potofu, kwa sababu ameyafikia mwenyewe kwa kupekua.

Na hatusomi riwaya hii hewani. Tangu mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa, yakiongozwa na imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, katika mkoa huu huu wa Kagera, na akauawa. Katika kanda hiyo hiyo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Tulitazame hilo nalo kama wahakiki. Macho mekundu ni ishara. Mtu ameiona ishara, akatoa maana: mchawi. Hakujiuliza ishara hiyo inaweza kuwa na maana gani nyingine. Bibi amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Moshi haumtoshi kuwa sababu? Muuaji ni msomaji mbaya. Ameshika jibu kwanza, kisha akaenda kutafuta ishara ya kulithibitisha.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi kwamba swali la "thibitisha" linaua watu, wala kwamba mtu akifaulu Kiswahili hataamini ushirikina. Wasomi wenye shahada wanakwenda kwa waganga, tunawajua. Nasema kwamba tabia ya akili ni moja, na kwamba darasa la fasihi ni mojawapo ya sehemu chache ambapo kijana anaweza kuzoezwa tabia nyingine kabla hajakutana na uvumi wenye panga. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Methali hiyo ina hekima yake, lakini mwalimu wa fasihi anao wajibu wa kuuliza: lipo wapi?

KUTOKA RUSUMO HADI ARUSHA

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku chache. Wanafunzi wa leo walikuwa hawajazaliwa, lakini kila nyumba ina simulizi yake.

Kabla ya kuvuka huko kulikuwa na maneno. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, na gazeti la Kangura vilikuwa vikiwaita Watutsi mende na kuwahesabu wote kuwa maadui. Ni vizuri mwanafunzi wa fasihi ajue kilichofuata baadaye upande wa sheria, kwa sababu kilitokea katika nchi yetu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani mwezi Desemba 2003 Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, katika kesi iliyojulikana kama kesi ya vyombo vya habari. Ushahidi mkubwa katika kesi ile ulikuwa ni matini: matangazo yaliyorekodiwa na makala zilizochapishwa. Majaji walilazimika kuuliza maswali ambayo ni ndugu wa yale manne niliyoyataja. Nini kimesemwa? Nani kasema, kwa nani, lini? Neno hili lilieleweka vipi kwa waliolisikia?

Na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikayapima upya, ikafuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu. Iliyatenganisha matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 na yale ya baadaye, ikisema kwamba uhusiano wa yale ya baadaye na mauaji ulithibitika, na wa yale ya kabla haukuthibitika kwa kiwango kinachotakiwa na sheria. Mtu anaweza kukasirika akisoma hivyo. Chuki ilikuwa wazi tangu mwanzo! Lakini hapo kuna somo. Hata mbele ya uovu mkubwa namna ile, waliopewa kazi ya kusoma walikataa kuweka maneno yote katika kapu moja. Walijua tofauti kati ya "naamini" na "imethibitika". Neno "thibitisha" hapo limerudishiwa heshima yake: ni kazi inayoweza kushindikana. Kwenye karatasi zetu za mtihani haliwezi kushindikana, na ndiyo maana limekufa.

PINGAMIZI

Naona pingamizi tatu zinakuja.

Ya kwanza ni mtihani. Watu watasema maswali manne ni mazuri lakini hayaleti alama. Naamini yanaleta. Mwanafunzi aliyepekua Ngoswe kumtafuta aliyechoma karatasi ana hoja tatu na zaidi, na ana mifano ambayo mtahini hajaisoma kwenye karatasi mia zilizotangulia. Zaidi ya hayo, mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulishatangaza kujenga umahiri badala ya kukariri, na mtaala ulioboreshwa ambao utekelezaji wake ulianza mwaka 2024 unakwenda njia hiyo hiyo. Kama tunataka umahiri, basi kitenzi cha swali nacho kibadilike: "pima", "linganisha", "onyesha panapokubaliana na panapopingana".

Ya pili ni uhaba wa vitabu. Pingamizi hili ni la kweli na silipuuzi. Huwezi kumwambia mtoto arudi kwenye matini ambayo hana. Nilichofanya ni kunakili aya moja ubaoni, mistari minane au kumi, na kuifanyia kazi kipindi kizima. Aya moja iliyosomwa inazidi kitabu kizima kilichosimuliwa. Lakini chaki ya mwalimu isiwe kisingizio cha wenye mamlaka kutopeleka vitabu Nyakahura na Rulenge.

Ya tatu inatoka kwa wenzangu hapa chuoni wanaoshikilia uhakiki wa kijamii. Wanahofu kwamba tukikazania maneno ya kitabu tutasahau matabaka, historia, na ukombozi. Nadhani mifano niliyoitoa inajibu. Swali la nani alichoma karatasi ndilo lililotufikisha Operesheni Kimbunga. Swali la jina la Takadini ndilo lililotufikisha Muleba. Maneno ya kitabu, yakisomwa kwa makini, hayakutufungia ndani.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha kwamba kati ya "thibitisha" na "pima" kuna tofauti ya namna ya kusoma, na kwamba wanafunzi wa Ngara na Biharamulo wana ustadi wa kupima ambao swali letu la kawaida linauacha ulale. Sijaeleza jinsi maswali haya yanavyofanya kazi katika ushairi, ambako pengine ndiko kunako utajiri zaidi, wala katika fasihi simulizi ambako matini hubadilika kila anaposimama msimulizi mpya. Hayo nawaachia wenzangu, hasa wale wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu.

Kwa walimu wetu wa idara nina ombi moja. Katika karatasi yetu ijayo ya riwaya, tuwekeeni swali moja tu linalotaka tutafute ndani ya kitabu kile kinachotupinga. Tutalalamika, nawahakikishia. Lakini tupeni.